MASWALI YENU: Ule mwanzi unaolia kama mtu, nani anaupuliza?

Toleo lililopita niliandika aya mbili tu kuhusu bansuri, ile filimbi ndefu ya mwanzi inayopigwa kwenye muziki wa kiklasiki wa India, nikadhani imeishia hapo. Kumbe nimewasha moto! Meseji zimeingia wiki nzima, wengine mmenitumia hadi sauti mmerekodi jikoni sufuria zinalia nyuma. Nimechagua chache, zinazofanana nimeziunganisha, na majina nimeyaficha kama kawaida yetu.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Marehemu baba alikua na kanda ya nyimbo za filamu ya Silsila, aliipiga Jumapili mchana tukishamaliza kula, kuna filimbi humo ikianza tu hata mama ananyamaza. Kanda ilishakatika zamani lakini ile filimbi bado naisikia kichwani. Ni nani yule anapuliza, na mbona sauti yake nzito hivyo, sio kama filimbi za kawaida? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu mzee, alikua na sikio zuri.

Yule ni Hariprasad Chaurasia, na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hakuitwa tu studio kupuliza akalipwa akaondoka, ule muziki wote wa Silsila ya mwaka 1981 ni yeye na rafiki yake Shivkumar Sharma waliutunga, wakajiita Shiv-Hari, na baada ya hapo wakatunga wa Chandni (1989), Lamhe (1991), Darr (1993), jumla filamu nane. Shivkumar yeye alikua anapiga santuri, na hapa nieleze maana sisi santuri kwetu ni ile sahani nyeusi ya gramafoni, hii ya kwao ni sanduku la mbao lenye nyuzi nyingi sana linalopigwa kwa vijiti viwili vyepesi, asili yake Kashmir. Wote wawili walizaliwa 1938. Shivkumar alifariki Mei 2022.

Sasa huyu Hariprasad, nataka ujue alikotoka maana ndo utasikiliza tofauti. Alizaliwa Allahabad tarehe 1 Julai 1938 na baba yake alikua mpiganaji wa mieleka, anataka mtoto naye awe wa mieleka, kwahiyo kijana anaenda uwanjani kupigana kumridhisha mzee alafu muziki anajifunza kwa kujificha. Alianza na kuimba, kwa jirani, akiwa na miaka kama 15. Ndipo siku moja akamsikia Bholanath Prasanna wa Varanasi anapuliza bansuri akaacha kuimba akamfuata huyo, akakaa naye miaka minane. Mwenyewe amekua akisema kwamba ile mieleka ndo iliyompa pumzi, na ukisikiliza anavyoshika sauti moja bila kukata hadi we msikilizaji unajikuta umebana pumzi zako, utaamini.

Mwaka 1957 akaajiriwa redio ya taifa ya India, kituo cha Cuttack kule Odisha, mpulizaji na mtunzi. Kutoka hapo akahamia Bombay, ambayo sa hivi inaitwa Mumbai, na studio za filamu zikamdaka, akawa anarekodi mchana na usiku. Kama ukiweza kuipata, tafuta albamu yao ya 1967 inaitwa Call of the Valley, yeye na Shivkumar na mpiga gitaa Brij Bhushan Kabra, inasimulia siku moja ya mchungaji wa Kashmir toka asubuhi hadi usiku na kila saa ina raga yake, yaani mpangilio wake wa noti. Mpigie mama. Mwambie akae peke yake kwanza, asiwashe tivii.

Kuhusu uzito wa sauti, mwenzio wa Likoni kauliza hilohilo, nawajibu pamoja hapa chini.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Nimenunua bansuri duka moja hapa mjini, inchi kama kumi na mbili, nimepuliza hadi mdomo umeuma lakini inalia kama ya mtoto wa chekechea, nyembamba, inapiga kelele. Zile za kwenye klipu zinalia chini kabisa, tamu. Nimeuziwa feki? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Hapana ndugu yangu, hujauziwa feki, umeuziwa fupi. Na hili swali lako ndo moyo wa habari yote kwahiyo nivumilie nirefushe.

Filimbi haina uchawi, ni hewa iliyofungiwa ndani ya bomba, na hewa hiyo ikiwa ndefu sauti inashuka, ikiwa fupi sauti inapanda. Ukizidisha urefu mara mbili sauti inashuka oktava nzima, yaani noti ileile lakini ya chini. Ndo maana unapoziba matundu sauti inakwenda chini, ni kama umeurefusha mwanzi, na ukiyafungua umeufupisha. Kwahiyo ya inchi 12 haiwezi kulia kama ya inchi 30 hata angepuliza Hariprasad mwenyewe.

Na hizo ndefu hazikuwepo siku zote. Kwa karne na karne filimbi India ilikua ni chombo cha Krishna, mungu wa Wahindu, kwenye picha zake nyingi anayo mdomoni, na ni chombo cha wachungaji na ngoma za vijijini, ni fupi, inachangamsha, watu wanaipenda lakini ukumbi wa muziki wa kiklasiki wa kaskazini hauipi kiti cha mbele. Sababu inaeleweka. Muziki ule umejengwa juu ya sauti ya mwanadamu, mwimbaji anaanzia chini kabisa kifuani anapanda taratibu, tena hatoki noti moja kwenda nyingine kwa kuruka, anateleza, wao wanaita mind. Filimbi fupi haina chini, na vitundu vyake vidogo vimebanana, utateleza vipi?

Hapo ndo akaja Pannalal Ghosh. Huyu mtu nampenda sijui niseme vipi. Alizaliwa 1911 Barisal, sa hivi ni Bangladesh, mji wa mito, na kuna hadithi inayosimuliwa kwamba akiwa mtoto alikutana na mtu wa dini akamkabidhi filimbi akamwambia muziki ndo utakuokoa. Hadithi hiyo we ichukue upendavyo. Kisicho na ubishi ni alichokifanya alipokua mtu mzima, alikua anapenda kuimba kwa kina kama wale waimbaji wakubwa alafu anashika kifilimbi chake hakiwezi, basi akaanza kutafuta kirefu zaidi. Akajaribu vitu vingine badala ya mwanzi, hadi chuma, akavirudisha vyote akabaki na mwanzi, akafika inchi 32, hiyo ni kama sentimita 81, ipime kwenye mkono wako uone, toka ncha ya vidole inapita kiwiko inafika begani kabisa.

Watu wakisikia hivi wanadhani ni kukata tu mwanzi mrefu. Jamani. Kwanza mwanzi wenyewe, inatakiwa pingili moja tu toka mwanzo hadi mwisho, bila fundo katikati, iwe imenyooka, ukuta wake mwembamba na tundu la ndani liwe sawasawa, sasa ukaingie msituni utafute pingili ya inchi thelathini na kitu iliyonyooka, mafundi wa India wanaipata sana kule Assam na hata huko wanatupa mingi kuliko wanayochukua. Alafu mwanzi ukiwa mrefu matundu yanakua mbalimbali, vidole lazima vitanuke, huwezi kuziba kwa ncha za vidole tena unaziba kwa nyama ya chini, vidole vimelala. Na matundu yenyewe ni makubwa, ndo maana unaweza kuliachia tundu pole pole, robo, nusu, robo tatu, sauti ikapanda inateleza kama mtu anavyoimba. Vile vibonyezo vya chuma vya filimbi ya kizungu haviwezi hilo kirahisi.

Akaongeza na tundu la saba. Nikueleze kwanini maana wengi wanaliona wanadhani ni urembo. Noti zao ni Sa Re Ga Ma Pa Dha Ni, kama do re mi yetu. Kwenye bansuri ukiziba matundu matatu ya juu unapata Sa, noti ya nyumbani, ukiziba yote sita unapata Pa ya chini, na ukiachia yote unapata ile Ma kali, yaani Ma iliyopandishwa nusu hatua. Sasa ukitaka kutoka Ma kali kwenda Pa inayofuata juu yake, vidole vyote sita vilivyokua hewani vinatakiwa vishuke vizibe kwa pamoja, kufumba na kufumbua, na hapo ndo wanafunzi wanapoaibika. Na chini ya ile Pa ya chini hukua na pa kwenda, mwanzi umekwisha. Pannalal akatoboa tundu la saba kule mwishoni la kuzibwa na kidole cha mwisho, ukiliziba unashuka hatua moja zaidi unaikuta Ma kali ya oktava ya chini. Hatua moja tu, lakini kwa raga zinazoitegemea noti hiyo ni mlango umefunguka.

Huyu alikua mtu wa mazoezi, anapenda ndondi, na pumzi za kuujaza mwanzi ule alikua nazo. Mwaka 1938 alikwenda Ulaya na kundi la wacheza ngoma wa Seraikella, 1940 akahamia Bombay akafanya kazi za filamu, mke wake Parul Ghosh alikua mwimbaji maarufu wa nyimbo za filamu na mdogo wake Nikhil Ghosh alikua bingwa wa tabla, zile ngoma mbili ndogo za kupigwa kwa mikono. Alisoma kwa Khushi Mohammed Khan, na 1947, akiwa ana miaka 36 na jina kubwa tayari, akaenda kukaa chini ya Allauddin Khan wa Maihar kama mwanafunzi. 1956 redio ya taifa kule Delhi ikampa orkestra aiongoze. Akafariki Aprili 1960. Hakufika hata miaka 49. Ametuachia raga alizotunga mwenyewe, Nupurdhwani, Chandramauli, Deepawali, na ametuachia kila bansuri ndefu unayoiona leo kwenye jukwaa lolote duniani.

Kwahiyo ndugu yangu wa Likoni, hiyo yako weka kwa ajili ya watoto, tafuta ya inchi kumi na nane hadi ishirini hivi uanzie. Usikimbilie ya 30, vidole vitakusaliti utakata tamaa wiki ya kwanza.

SWALI: Mwalimu mambo, mi ni mwanafunzi wa chuo. Nimesoma mahali eti Hariprasad alibadilisha mkono wa kupulizia ili tu mwalimu amkubali, hii ni kweli au chumvi? Na je nikijifunza kwa YouTube bila guru nitafika? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Poa mwanangu. Ni kweli, na ameisimulia mwenyewe mara nyingi.

Ilikua hivi. Hariprasad kafika Bombay, ana kazi, ana pesa, kila studio inamtaka, lakini ndani anajijua kwamba kuna kitu hana, ana vidole hana kina. Akamfuata Annapurna Devi. Huyu mama ni binti wa yuleyule Allauddin Khan wa Maihar, kazaliwa 1927, alikua anapiga surbahar ambayo ni kama sitar, kile chombo cha nyuzi cha India, ila kubwa na yenye sauti ya chini, aliolewa na Ravi Shankar, mpiga sitar maarufu, na kwa sababu za maisha yake aliacha kupiga hadharani, akajifungia kwenye nyumba yake Bombay, hapokei wageni, haruhusu kurekodiwa, anafundisha wachache tu anaowataka. Hariprasad akagonga mlango akafukuzwa. Akarudi, akafukuzwa tena. Mwishowe mama akampa sharti, asahau yote anayojua aanze upya kama mtoto.

Sasa hebu fikiria mtu ameshakua maarufu unamwambia hivyo. Yeye alifanya nini, bansuri aliyokua anaielekeza kulia akaigeuza kushoto, vidole vikawa havijui kitu, mkono wa juu umekua wa chini, hata Sa haitoki vizuri, yaani mbele ya mwalimu kafika mtupu kweli kweli na sio kwa maneno. Hadi leo anapuliza kushoto. Kila ukiona picha yake na filimbi inaelekea upande huo unaangalia ahadi aliyoiweka akiwa kijana.

Na jambo linalonigusa zaidi ni kwamba Annapurna Devi hakua mpulizaji. Hakuweza kumwonyesha kidole kiende wapi. Alikua anamwimbia, yeye anatafuta mwenyewe kwenye mwanzi ile sauti iko wapi. Nityanand Haldipur naye alipita mikononi mwa mama huyuhuyu, baada ya kusoma kwa Devendra Murdeshwar aliyekua mwanafunzi na mkwe wa Pannalal Ghosh, kwahiyo ukimsikiliza Haldipur unasikia nyumba mbili zimekutana. Mama alifariki Oktoba 2018, ana miaka 91.

Kuhusu YouTube, mi siwezi kukukataza maana najua hali, sio kila mtu ana mwalimu wa bansuri mtaani kwake. Kushika, kuweka mdomo, sargam za mwanzo, yaani mazoezi ya zile noti, hayo video itakuonyesha vizuri tu. Lakini video haikusikii. Hujui kama Ga yako iko chini kidogo, hujui kama unapuliza kwa mashavu badala ya tumbo, unazoea kosa miezi sita alafu kulitoa ni mwaka. Fanya hivi, pakua apu ya tanpura, ule mvumo usiokatika nyuma, weka kwenye noti ya filimbi yako, kila alfajiri kabla hujashika simu kwa mengine puliza Sa moja tu, ndefu, pumzi nzima, dakika kumi na tano, usikilize lini sauti yako inazama ndani ya mvumo isisikike tofauti. Ukifika hapo tafuta mtu mwenye sikio, hata akiwa mwimbaji, hata akiwa mpiga fidla wa taarab, akae mbele yako akwambie hapo umekosea. Siku ukipata nauli ya India, Hariprasad alijenga nyumba mbili za wanafunzi zinaitwa Vrindavan Gurukul, moja Mumbai na nyingine Bhubaneswar, wanafunzi wanaishi humohumo, wanakula pamoja, wanapiga pamoja.

SWALI: Samahani mwalimu, mi nimejaribu kusikiliza hizo bansuri, nusu saa nzima hakuna ngoma, mtu anazunguka noti mbili tatu tu. Nasinzia. Nakosea wapi? (Msomaji, Dar)

JIBU: Hujakosea dada yangu, hakuna aliyekwambia nini kinatokea tu. Wewe ni mtu wa pwani, unajua taksim kwenye taarab, ule mwanzo ambapo mpiga kanuni au udi anazunguka peke yake bila mapigo kabla wimbo haujaanza? Basi hiyo unayoisinzilia ndo ndugu yake, inaitwa alap, tofauti ni kwamba taksim ni dakika moja mbili na alap inaweza kula dakika arobaini. Mpulizaji anakutambulisha kwa raga, noti moja moja, kama mtu anayeingiza wageni sebuleni kwa mpangilio, huyu akae kwanza, huyu asubiri. Jaribu kusubiri Sa ya juu. Anaizungukia, anaikaribia, anarudi, na akiigusa mwishowe utajikuta umetabasamu.

Baadae mapigo yanaingia ndani ya filimbi yenyewe, jor, alafu yanakua ya kasi, jhala, ndipo tabla inaingia. Mara nyingi ni tintal, mapigo 16, hesabu kwa vidole, na we subiri lile la kwanza ambapo wote wawili wanatua pamoja hata kama walikua wamepotezana kote huko. Na usisikilize saa yoyote tu! Raga zina saa zake. Anza na Yaman, jua likizama, taa bado hujawasha. Ahir Bhairav ni ya alfajiri. Ukiisikiliza saa saba mchana kwenye daladala utaniona muongo.

SWALI: Assalaam alaykum. Umetaja wanaume tu na kaskazini tu. Kusini mwa India hawapulizi? Wanawake je? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Waalaykum salaam dada, umenikamata na una haki.

Kusini wana filimbi yao, wanaiita venu au pullanguzhal, ni fupi kuliko bansuri, ina matundu nane ya vidole, na heshima ya kiklasiki waliipata mapema kabla ya kaskazini. Walianza na Sharabha Sastri wa Kumbakonam, aliyekua kipofu, aliishi miaka michache tu, 1872 hadi 1904, lakini ndo aliyeipeleka venu mbele ya jukwaa, na mwanafunzi wake Palladam Sanjeeva Rao akaiendeleza. Alafu akatokea T. R. Mahalingam, wenyewe wanamwita Mali, 1926 hadi 1986, huyu alipanda jukwaani akiwa mtoto wa miaka saba na akabadili namna ya kushika na ya kupuliza hadi filimbi ikaweza kutikisa noti vilevile kama mwimbaji wa kusini anavyozitikisa. Maisha yake yalikua magumu kutabirika, anaweza asitokee kabisa kwenye onyesho lake mwenyewe, na watu walikua wanarudi kesho yake na tiketi nyingine. Mwanafunzi wake N. Ramani akatulia zaidi, akafundisha wengi, alifariki 2015. Sa hivi yupo Shashank Subramanyam, kazaliwa 1978.

Wanawake, hapo kusini ndo wametangulia. Sikkil Kunjumani na mdogo wake Neela, ndugu wawili waliopuliza pamoja jukwaani miaka na miaka, filimbi mbili pumzi moja, wakapewa Sangita Kalanidhi ambayo ni heshima kubwa kabisa ya muziki wa kule Chennai. Kunjumani alifariki 2010. Kaskazini tafuta Debopriya na Suchismita Chatterjee, nao ni ndugu, wanafunzi wa Hariprasad. Niseme kweli ni wachache mno bado, na sababu sio mapafu, maana kuna watu wanaleta hoja hiyo, bansuri inataka kupanga hewa na sio kuisukuma kwa nguvu.

SWALI: Nani anashika nafasi ya Hariprasad? (Wasomaji watatu, Arusha, Bujumbura na Mombasa)

JIBU: Wako kadhaa. Rakesh Chaurasia, mtoto wa ndugu yake, kazaliwa 1971, Februari 2024 alipata Grammy mbili kwa pamoja na Zakir Hussain wa tabla, Béla Fleck wa banjo na Edgar Meyer wa besi, kwa albamu ya As We Speak, na Zakir mwenyewe hakumaliza mwaka huo, alifariki Desemba. Ronu Majumdar kazaliwa Varanasi 1963, mkubwa pia. Ila msiwasahau waliotangulia kidogo, Vijay Raghav Rao, Raghunath Seth, na G. S. Sachdev aliyehamia California akafundisha Wamarekani kwa miongo mingi, yeye hakupenda kasi, sikilizeni alap zake usiku.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Babu yetu huku Kwale alikua akipiga chivoti, ya mwanzi, ya kupuliza kwa ubavu na ina matundu sita. Nikaona bansuri nikashtuka, ni chivoti hii! Je ni Wahindi walituletea? (Msomaji, Kwale)

JIBU: Marahaba. Kwa umbo ni kweli zinashangaza kwa kufanana, lakini mwanzi unaota kwao na unaota kwetu, na mtu yeyote mwenye kisu na mwanzi na muda anaweza kufika palepale, kwahiyo usiwape Wahindi kazi ya babu yako. Sikiliza muziki badala ya umbo. Chivoti ya Wadigo inakwenda na ngoma na kuimba, ina mizunguko yake mifupi inayorudi rudi, haijengi alap. Ni lugha nyingine.

Nakuomba kitu kimoja. Je chivoti ya babu ipo? Ipime urefu, pima toka tundu la mdomo hadi kila tundu la kidole, andika, na wazee waliobaki wanaojua nyimbo zake warekodi kwa simu, waulize mwanzi ulikatwa wapi na msimu gani, na tundu lilitobolewa na nini. Pannalal alipotaka kurefusha alikua na fupi ya kuanzia mkononi. Nitumie vipimo na mi nitakutafutia fundi.

SWALI: Bansuri yangu imepasuka ufa mrefu toka mwisho hadi tundu la tatu, mwalimu nisaidie, ni zawadi ya marehemu kaka. (Msomaji, Unguja)

JIBU: Pole sana mdogo wangu, pole kwa kaka na pole kwa filimbi.

Inapona. Yangu ya kwanza ilipasuka hivyo, niliiacha dirishani msimu wa kaskazi, jua na upepo mkavu ukauvuta mwanzi nikarudi jioni nikakuta ufa, nililia. Fanya hivi: usiibane kwa nguvu, usipulize. Iweke kivulini siku mbili ipate unyevu kidogo ufa ujifunge wenyewe kadiri utakavyoweza. Tia gundi nyembamba ya majimaji ndani ya ufa, kidogo sana, futa iliyozidi hasa pembeni ya tundu la tatu maana ikiingia ndani ya tundu itaharibu noti. Alafu chukua uzi mgumu wa nailoni wa kushonea viatu, funga mizunguko iliyobanana upana wa kidole kimoja, sehemu nne, mwishoni, na katikati ya tundu na tundu, usipite juu ya tundu lolote. Zile nyuzi nyekundu au nyeusi unazoziona kwenye bansuri mpya kazi yake ndo hiyo, kuuzuia mwanzi usipasuke.

Ikikauka ipake mafuta ya haradali ndani na nje, maduka ya Wahindi pale Darajani na Mkunazini utayapata, funga kitambaa laini kwenye kijiti upitishe ndani, acha usiku kucha, asubuhi futa. Ufa haujafika tundu la mdomo, hiyo ni bahati. Puliza Sa kwanza, pole pole, ukisikia hewa inavuja hata kidogo simama uongeze uzi.